Mume Aliyeishi Mdomoni mwa Mkewe

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihuzunike, nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Atuganile wa Igawilo, nje kidogo ya mji wa Mbeya, ana mume aliyekwenda kuchimba shaba Kitwe, Rodesia ya Kaskazini. Mume huyo, Anania, amekufa. Aliangukiwa na mwamba huko chini. Aliyeleta habari ni mwenzake wa shimoni, Joachim, ambaye alimnong'oneza Atuganile sokoni Mbeya, kisha akapanda gari kwenda kwao Njombe na hajaonekana tena.

Habari hiyo Atuganile aliimeza nzimanzima. Hakulia, hakunyoa nywele, hakumwambia mtu yeyote.

Maana akisema tu kwamba Anania amekufa, msiba utawekwa. Msiba ukiisha, mjane na kila kilichokuwa cha marehemu vitakwenda kwa mdogo wake, Saulo, ndivyo ilivyo kwao. Akimkataa Saulo, hakuna atakayemshika mkono, aende zake kwa baba yake. Lakini ataondoka peke yake. Binti yake Yudith na mdogo wake watabaki, kwa sababu ng'ombe walishatolewa, na watoto ni wa upande uliotoa ng'ombe.

Na Saulo tunamjua. Mke wake wa kwanza alimkimbia akiwa na meno pungufu.

Basi Atuganile akaamua kwamba mumewe hatakufa. Kila akirudi sokoni alikouza mkaa, alikwenda kukaa nyuma ya ukuta wa mianzi wa nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Sedekia, aliyekuwa akiugua kifua, akampa habari za Anania, ati amezipata kwa watu wanaorudi kutoka migodini.

Nasema nyuma ya ukuta, kwa sababu mkwe wa kike wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe. Hapiti njia anayopita, haingii mlangoni mwake, na wakikaribia kukutana yeye hujitupa migombani mpaka mzee apite. Mchungaji alihubiri weee kwamba hayo ni mambo ya giza. Mzee Sedekia, ambaye alibatizwa lakini si mtu wa kukurupuka, akakubali nusu: sauti ipite, macho yasipite. Tangu aolewe, Atuganile hajapata kuuona uso wa mzee huyo, wala mzee hajauona wake.

Tulimwacha palepale nyuma ya mianzi. Saulo alikuwa amerudi kutoka mashamba ya tumbaku ya Iringa, akasimama mlangoni mwa baba yake na kuuliza swali ambalo shemeji yake alikuwa akiliogopa siku zote.

"Huyu Anania anayepanda cheo kila mwezi," alisema, "mbona haji nyumbani?"

Sasa msomaji, kabla hajajibu, nikueleze jambo moja kuhusu kazi ya mwanamke huyu, maana kazi hiyo na yangu ni ndugu.

Mwanzoni hakuijua. Alikuwa akikaa nyuma ya mianzi, akimwita mzee Tata, yaani baba kwa lugha yao, na kusema, "Tata, Anania mzima, anawasalimu." Soko lililofuata, Anania mzima, anawasalimu. Soko la tatu akamsikia mzee anapiga miayo huko ndani, kisha akamsikia anasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Mzima, ana nguvu, hana tatizo. Basi arudi."

Hapo Atuganile akashtuka. Akaelewa kwamba mtu asiyepatwa na jambo hana sababu ya kuwa mbali.

Tangu siku hiyo Anania hakupumzika. Alihamishwa shimo. Aliugua, akapona. Aligombana na nyapara, akafungiwa kazi. Nyapara akaiba, akafukuzwa, na Anania akapewa unyapara wenyewe. Kila badiliko lilifunga njia ya kurudi nyumbani kwa wiki kadhaa, na kila njia ilipokaribia kufunguka, mkewe alileta lingine.

Na badiliko likiwa kubwa mno kumezeka, alilisindikiza na jambo la zamani. Mzee aliposikia habari ya unyapara alitia shaka. "Anania?" alisema. "Anania huyu anayeona haya kusema mbele za watu?"

Atuganile akajibu kwamba mzungu alimsikia siku moja akiwaita watu kutoka mbali, wakaja wote, vilevile alivyokuwa akiwaita ng'ombe wa baba yake kutoka ng'ambo ya mto. Jambo hilo la ng'ombe aliambiwa na wifi yake, Damari, walipokuwa wakipukuchua maharage.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ni kweli," alisema. "Sauti alikuwa nayo. Akiita kutoka kule, unamsikia mpaka huku."

Basi, shaka ikaisha. Atuganile akajifunza kwamba la zamani halitangulizwi. Linawekwa akiba, na linatolewa pale msikilizaji anapoanza kukunja uso. Wapo waandishi wa magazeti, simtaji mtu, ambao jambo hilo hawajalijua mpaka leo, wanakumwagia ukoo mzima wa shujaa kabla hajafanya lolote.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa fundi. Turudi mlangoni.

"Mbona haji?" Saulo alirudia.

 Ndani, mzee naye alikuwa akingoja jibu.

Atuganile hakuwa na badiliko lolote tayari. Unyapara alishautumia, ugonjwa alishautumia. Akaingiza mkono kwenye akiba ya zamani, akatoa kilichokuwa chini kabisa.

"Anaogopa, Tata," alisema.

"Anamwogopa nani?" Saulo aliuliza.

"Anamwogopa baba yake. Anasema aliondoka bila maji."

Hapo lazima nieleze tena, hasa kwa wasomaji wetu wa pwani. Kwa watu hawa, hasira ya mzazi iliyobaki kifuani humfuata mtoto kila aendako, ikamtia baridi na mikosi. Dawa yake ni moja. Mzazi huyatoa maneno yake yote hadharani, hafichi hata moja, kisha huchukua maji kinywani na kuyapuliza. Maji yakitoka, hasira imetoka. Asipofanya hivyo, huyo mtoto anatembea na mzigo.

Atuganile hakujua vizuri kilichotokea siku Anania anaondoka. Damari alimdokezea tu kwamba baba na mwana waligombana juu ya safari hiyo ya migodini, na Anania akatoka alfajiri bila kuaga. Lakini mtu akishalijua shimo lilipo, hahitaji kujua kina chake ili kumsukumia mwingine.

Atuganile alitega sikio. Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia mle ndani. Mzee Sedekia alikuwa analia.

"Nilimwambia," mzee alisema kwa shida, "nenda kwa miguu yako, na ukiumwa usiniombe maji. Nilisema hivyo. Hakusikia mtu ila yeye. Kumbe amelibeba mpaka huko."

Saulo aliondoka mlangoni.

Na Atuganile alifurahi. Sitaki kumpamba, alifurahi kweli. Alirudi kwake akapika ndizi, akawalisha wanawe na kuwatania, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alilala usingizi mzuri. Jibu lake lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kutoa, na ndilo lililommaliza.

Asubuhi Damari alikuja mbio, khanga imemshuka mabegani.

"Wifi, umemponya baba," alisema. "Ameamka mwenyewe, ameoga. Anataka koti lake."

"Koti la nini?"

"La safari. Anakwenda Kitwe."

Atuganile aliketi juu ya kinu. "Damari, mzee anatapika damu."

"Nimemwambia. Anasema maji hayatumwi kwa mdomo wa mtu. Aliyeyanyima ndiye anayepuliza." Damari alifuta macho, na uso wake ulikuwa na furaha tupu. "Anasema baada ya ibada ya Jumapili anaondoka. Wewe humwoni, wifi, lakini ungemwona. Amekuwa kijana."

Atuganile alikwenda moja kwa moja nyuma ya mianzi.

"Tata," alisema, "nimepata habari. Anania amehamishwa tena. Ni mbali, hata Kitwe yenyewe si karibu."

"Nitamfuata huko."

"Njia imeharibika kwa mvua. Magari hayapiti."

"Mama Yudith," mzee alisema kwa upole, "si wewe uliyeniambia gari lao liliharibika Kapiri, njiani kwenda Kitwe, na Anania akatembea kwa miguu, na akafika? Mimi ndiye niliyemzaa. Nitashindwa?"

"Hutajua mahali alipo, Tata."

"Najua. Nikishuka garini naliacha soko mkono wa kulia. Natafuta duka la Mhindi lenye mlango wa buluu. Nyuma yake kuna nyumba za wachimbaji, ya mwisho ndiyo yake, ameotesha mnavu mlangoni." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Umenieleza vizuri sana, mwanangu. Nafika hata nikifumba macho."

Msomaji, hakuna mlango wa buluu. Hakuna mnavu. Atuganile hajawahi kuvuka mpaka wa Tunduma. Mji mzima aliujenga mwenyewe, tofali kwa tofali, mkaa wa kuuza ukimchafua nguo njiani kwenda sokoni. Sasa kila tofali lilikuwa linamjibu.

"Na jambo lingine," mzee alisema. "Saulo asikutishe. Mradi Anania anapumua na mimi napumua, nyumba yako haiguswi. Nikirudi naye, nitalisema hilo mbele ya watu wote."

"Ndaga, Tata," Atuganile alishukuru, akaondoka.

Alipofika kwake alilia. Alimlilia mumewe, ambaye alikuwa hajamlilia. Alimlilia pia mzee, maana alimpenda, na asiwepo mtu wa kucheka. Baba yake mzazi hakuwahi kukaa kumsikiliza hata nusu ya saa, na mzee huyu asiyemwona alikuwa akimngoja kila soko, akamwuliza na yeye amekula nini. Kifua kile hakitafika Tunduma. Mzee atafia juu ya magunia, njiani, akimfuata mtu aliyezikwa, na aliyemtuma ni yeye.

Alifikiri siku nzima, na kila njia aliyoifikiri ilikuwa na Saulo mwishoni. Akinyamaza, mzee anakufa, Saulo anarithi. Akisema, msiba unawekwa, Saulo anarithi. Lakini katika kusema kulikuwa na upenyo mdogo. Mtu mmoja tu duniani anaweza kusema, "Mjane huyu aachwe na watoto wake," na ukoo ukanyamaza. Mtu huyo bado alikuwa hai, na moyo wake ulikuwa laini tangu alipolia.

Akaamua kusema. Mficha maradhi, kilio humfichua, na yeye alishaona kilio kinakuja.

Jumamosi asubuhi, ukungu haujaondoka migombani, alikwenda nyuma ya mianzi akapiga magoti. Ndani alisikia mtu anajigeuza kitandani, akakohoa.

"Ugonile, Tata," alimwamkia.

Kikohozi tena.

"Usiseme, Tata, utachoka. Nisikilize tu. Leo sina habari ya soko." Alishika udongo kwa mikono miwili. "Anania amekufa. Alikufa kabla ya mavuno ya mahindi. Mwamba ulimwangukia. Mwenzake Joachim aliniambia, nami nikaficha. Nilimwogopa Saulo. Niliogopa kunyang'anywa watoto."

Ndani mtu alikohoa tena.

"Hakupewa unyapara, Tata. Hakuhamishwa, hakugombana na mtu. Hayo yote nilikuwa nayatunga nikiwa njiani na mzigo wa mkaa kichwani. Na lile la maji, hakulisema yeye. Nililisema mimi. Sijui kama alikuogopa. Sijui alikufa akifikiri nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kusimulia mahali pale bila kupamba, na ilikuwa fupi ajabu. Maisha yote ya Anania huko mbali yalikuwa sentensi chache tu.

"Sikuombi unisamehe," alisema. "Nakuomba usisafiri. Na nakuomba neno moja kwa ajili ya watoto. Sema wabaki na mimi. Saulo hawezi kupinga neno lako. Nitalima shamba lako mpaka nife, Tata, lakini nisiondoke bila Yudith na mdogo wake."

Ndani kitanda kililia. Mtu alikuwa anakaa kitako.

"Endelea, shemeji," ile sauti ilisema. "Umefika mahali pazuri."

Ilikuwa sauti ya Saulo.

Atuganile hakuinuka. 

"Mzee yuko wapi?"

"Ameondoka alfajiri. Lori la Othmani linapakia mchele wa Ubaruku pale Mbeya, leo hii linakwenda Tunduma. Nikamwambia baba, ya nini kungoja Jumapili, Mungu hata Jumamosi yupo."

"Na Damari?"

"Amemsindikiza. Alitaka kuja kukuamsha. Nikamwambia nimekwisha kukuaga kwa niaba yao, usisumbuliwe."

"Ulijua," Atuganile alisema.

"Sikujua, nilihisi. Mtu mwenye mambo mengi kama yale hayupo, shemeji. Mimi nimekaa Iringa mwaka mzima kwenye tumbaku, na kilichonipata ni mafua." Alicheka kidogo. "Nikasema nijilaze hapa kidogo, nione utakuja kumwambia nini mzee siku ya mwisho. Sikutegemea haya. Haya ni mengi."

Ndiyo kosa lenyewe, msomaji, na halifanywi na mtu mwingine ila mkwe wa watu hawa. Wewe na mimi tungechungulia kwanza tujue tunatubu kwa nani. Yeye alilelewa asichungulie, na heshima yake ndiyo iliyomtia mikononi mwa Saulo.

"Toka huko nyuma," Saulo alisema. "Mimi si wa kukwepwa."

"Mwendee baba yako umrudishe. Atakufa njiani."

"Ni mtu mzima, amejiamulia safari. Na aliyemwita huko si mimi." Sasa alikuwa amesimama, na sauti ilikuwa karibu kabisa na mianzi. "Kesho kanisani nitatangaza msiba wa kaka yangu. Yudith na mdogo wake wako kwangu, nimewakuta alfajiri wakienda kuteka maji, nimewapa viazi. Usiende kuwachukua, utawatisha bure. Wewe kaa ulie, maana watu watataka kuona umelia."

Atuganile aliinuka, akafunga khanga kiunoni, akaanza kukimbia. Hakukimbilia kwa Saulo. Wanaume wa pale wangemrudisha mikono mitupu, na wangekuwa na haki kwa desturi yao. Alikimbilia Mbeya, kwenye lile lori, maana neno la kumrudishia wanawe lilikuwa limepakiwa pamoja na mchele.

Sitakuchosha na njia. Alianguka penye daraja, akainuka. Watu walimwuliza kuna nini, hakujibu. Alipofika mjini jua lilikuwa limekwisha kuwa kali na pumzi inamtoka kwa masikio.

Lori lilikuwepo. Lilikuwa limeshapakiwa, limefunikwa turubai nusu, na juu ya magunia wameketi abiria. Othmani mwenyewe, kanzu na kofia, alikuwa mlangoni mwa ghala lake akisema na dereva.

"Unatafuta nini, mama?" Othmani alimwuliza. "Gari limejaa hilo."

"Natafuta mzee mmoja, bwana. Wa Igawilo."

"Wazee wapo hapo juu. Mtazame wako umchukue."

Atuganile akainua macho, akaona wazee watatu au wanne wamekaa pamoja, wote na makoti, wote na fimbo, wote wamechakaa na baridi ya asubuhi. Hakumjua wake. Amekaa miaka yote kiambo kimoja na baba mkwe wake, na hakuweza kumchagua kati ya wazee wanne. Alitazama huku na huku amwone Damari, lakini Damari alikuwa ameingia sokoni kumtafutia baba yake mikate ya njiani.

Basi akafanya alilozoea. Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"...nyapara akamwambia, wewe Anania, leo hushuki shimoni," sauti ilikuwa inasema. "Anania akamjibu, nashuka. Mimi ni mtoto wa Sedekia. Nyapara akanyamaza."

Abiria wakacheka. Utingo alikuwa amesahau kufunga kamba, ameegemea magunia, mdomo wazi.

Maneno hayo Atuganile hakuwahi kuyasema. Mzee alikuwa ameyaongeza mwenyewe.

Aliinua kichwa akamwona. Alikuwa mtu mdogo. Kwa sauti ile yeye alikuwa amemwazia jitu, kumbe ni mzee mwembamba aliyepotelea ndani ya koti, na masikio ya Yudith matupu. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa homa na furaha. Atuganile alitaka kujitupa pembeni, kama alivyofunzwa, lakini hapakuwa na migomba.

Mzee naye akamwona. Akamtazama usoni, waziwazi, kama unavyomtazama mtu usiyemjua.

"Mama, mbona unahema hivyo?" alisema. "Unakwenda Rodesia? Sogeeni jamani, mpeni nafasi. Una mtu huko?"

Atuganile akaitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kusema.

"Mume?"

Akakubali tena.

"Basi utamkuta. Mimi namfuata mwanangu, nyapara. Tuligombana, nakwenda kuyamaliza." Aliwageukia wenzake. "Habari zake zote naletewa na mkwe wangu. Sijapata kumwona, lakini huyo mwanamke akisema neno moja tu, hata gizani, hata kwenye umati, namjua."

Dereva alipanda, akapiga mlango. Othmani aliinua mkono kumruhusu. Utingo akakumbuka kamba zake, akazifunga upesi.

Atuganile aliushika ubao wa nyuma wa lori kwa mikono yote miwili. Alijua kwamba akinyamaza, mzee huyu ataondoka akiwa na furaha, na ataifia hiyo furaha juu ya magunia kabla ya mpaka. Akisema, atamwua hapahapa, kwa mkono wake, mbele ya watu. Na kule Igawilo watoto wake walikuwa wanakula viazi vya Saulo.

"Sema, mama," mzee alimhimiza kwa ukarimu. "Mume wako anaitwa nani? Labda yuko chini ya mwanangu."

Injini iliwaka.

"Anania," Atuganile alisema.

Tabasamu la mzee halikuondoka. Alikaa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha haraka, kwa adabu yote ya baba mkwe mwema, akalivuta koti lake na kujifunika uso mzima asimwone.

"Mama Yudith," alisema kutoka ndani ya koti, na sauti yake ilikuwa imejaa shukrani. "Kumbe umenifuata mpaka huku. Basi kuna habari mpya. Haya niambie, safari hii imekuwaje?"

Lori likaanza kusogea, na Atuganile, mikono ingali kwenye ule ubao, akaanza kutembea nalo.